Koti la Puto na Msafara wa Jumatano

Nchi ninayoisimulia haina jina. Zamani ilikuwa nalo, zuri tu, lakini Wizara ililichukua ili lihakikiwe, na faili halijarudi mpaka leo. Mtu akiulizwa anatoka wapi, hujibu "hapahapa", na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika.

Kukosa jina hakutusumbui, maana tuna kitu kikubwa kuliko jina: tunajua kusimama. Kwetu kiongozi akipita, kila kiumbe chenye miguu husimama wima. Aliyeketi anainuka, aliyelala anaamshwa, aliyepanda chochote anashuka. Sheria ya Kusimama inatoa sekunde tatu. Sekunde ya nne ni siku saba mahabusu. Tunafundishwa jambo hili tangu utotoni. Katika shule yetu ya bweni, shule yenye heshima nyingi na maharage mengi zaidi, tulisimama mwalimu akiingia na tulisimama matroni akipita. Siku moja tulisimama bwaloni wanafunzi mia sita, vijiko mkononi, dakika ishirini nzima, kwa sababu mtu fulani alikohoa kama mkuu wa shule. Mtu huyo hajajulikana. Naungana na uongozi wa shule kulaani kitendo chake.

Basi mama yangu mdogo, Sekela, ni dereva wa bodaboda kijiwe cha Kona ya Viazi. Wako arobaini pale: wanaume thelathini na tisa na yeye. Mwaka ule kijiwe kilizika madereva sita. Kila msiba ulipotokea, Wizara ya Wima na Uchukuzi ilituma barua ya rambirambi, barua ileile, ikibadilisha jina la marehemu tu. Msiba wa tano walisahau kubadilisha, kwa hiyo marehemu wa nne alipewa rambirambi mara mbili na yule wa tano anahesabika bado yuko hai.

Madereva walichoka kupokea barua. Waliandika ya kwao, wakaomba kitu cha kuwakinga, na wageni fulani wenye huruma kutoka ng'ambo wakawaletea makoti ya puto.

Koti la puto ni koti jeusi lisilo na mbwembwe. Ndani yake umekunjwa mfuko wa hewa, na kifuani kuna kichupa cha gesi kinene kama kidole gumba. Kamba inatoka kwenye koti na kushikizwa kwenye pikipiki kwa kibanio. Ukirushwa, kamba inavutika na kuchomoka kotini, chupa inapasuka paa, na kabla hujafika chini koti limejaa hewa shingoni, mgongoni na kiunoni. Ukitaka kushuka kwa amani, unafungua kibanio kwanza. Kila koti lilikuja na chupa tatu: moja ndani yake, mbili za akiba. Hakuna zaidi ya hapo cha kuelewa. Hata mimi nilielewa, na hesabu napata alama ninazozipata.

Wiki ya kwanza tu, lori la mchanga lilimpitia Mamdogo ubavuni pale daraja la reli. Alirushwa juu, chupa ikapasuka, akatua mtaroni kama boga. Mwenyekiti wa kijiwe, mzee Ndimbo, alifika mbio akilia.

"Kiatu changu kiko wapi?" sauti ikatoka mtaroni.

"Wewe mwanamke, jiguse kwanza kama uko hai!"

"Ningekuwa nimekufa ningeulizia kiatu?"

Daktari alimkuta na mchubuko mmoja wa kiwiko. Siku ile kijiwe kizima kililipenda lile koti kama mtu anavyompenda ndugu aliyerudi kutoka vitani. Ndimbo, ambaye Februari alikuwa amemzika mdogo wake, alianza kulivaa hata msikitini.

Habari njema zina tatizo moja: zinafika Wizarani.

Waziri wa Wima na Uchukuzi alikuwa Mheshimiwa Daktari Luteni Mstaafu Baltazari Mkungile. Udaktari wake ni wa heshima. Alitunukiwa na chuo alichokizindua asubuhi na kukifutia usajili jioni. Aliitisha mkutano uwanjani, akahutubia kwa saa mbili, wananchi wakiwa wamesimama.

"Ndugu wananchi," alisema, "usalama ni mali ya Serikali. Mwananchi anauazima tu. Haiwezekani, narudia, haiwezekani mtu akaanguka kiholela na akapona kiholela. Kuanzia leo, kupona kutakuwa na utaratibu!"

Tulipiga makofi. Tulikuwa tayari tumesimama, kwa hiyo haikutugharimu kitu.

Utaratibu wa kwanza ulihusu kamba. Wizara iliona kamba ni ndefu mno kwa nchi yenye uchumi wa kati, ikazikata zote nusu. Zile nusu nyingine zilifungwa kwenye mapazia ya ofisi ya Waziri, ambayo sasa hufunguka vizuri sana.

Utaratibu wa pili ulikuwa Fomu ya Kuomba Chupa. Ina maswali thelathini na moja. Swali la tano linauliza: "Je, mwombaji alifariki katika ajali hii? Kama ndiyo, aweke sahihi yeye mwenyewe." Swali la kumi na tisa linataka jina la kilichomrusha mwombaji, na chini yake sahihi ya kilichomrusha. Mamdogo alipeleka fomu yake ya ajali ya lori, ili arudishiwe chupa iliyomwokoa. Karani aliisoma kwa kidole.

"Sahihi ya lori iko wapi?"

"Lori lilikimbia, kaka yangu."

"Basi halikukugonga. Kinachogonga kinasaini."

"Kwa hiyo mimi nilijirusha mwenyewe mtaroni?"

"Hilo lina fomu yake, lakini zimekwisha."

Alimpa fomu nyingine, tupu, ya kwenda nayo nyumbani. Mamdogo aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Akabaki na chupa mbili.

Sasa niwaeleze kuhusu Jumatano. Kila Jumatano saa nne asubuhi, msafara wa Waziri ulipita Kona ya Viazi ukienda saluni, ambako Mheshimiwa hupakwa nywele rangi nyeusi. Kwenye ratiba ya Serikali shughuli hiyo inaitwa Ukaguzi wa Miundombinu ya Juu. Msafara una magari kumi na manne, likiwemo la wagonjwa na lingine la kubeba kiti cha Mheshimiwa, kwa sababu saluni ina viti vya kawaida.

Jumatano ya kwanza baada ya kamba kukatwa, king'ora kililia na madereva arobaini wakaruka chini, kama walivyozoea, kusimama wima. Zamani kamba ndefu ingewakumbusha kibanio. Kamba fupi haikukumbusha mtu. Paa! Paa! Paa! Milio arobaini. Vumbi lilipotulia, walikuwa wamejipanga kando ya barabara watu arobaini waliovimba kama maandazi, mikono imeachana na mbavu, vichwa havigeuki.

Waziri alishusha kioo akapunga mkono kulia na kushoto, uso umejaa furaha. Alidhani amepigiwa mizinga.

Furaha ilidumu hadi saa tano. Ofisi ya Itifaki ilimwita na kumweleza kwamba Mkuu wa Nchi hupigiwa mizinga ishirini na mmoja. Waziri aliyepokea arobaini alikuwa na mpango gani? Mheshimiwa alijieleza mchana kutwa, na kila alipojieleza jasho lilimtoa rangi ya nywele. Kesho yake lilitoka tangazo: kujaza koti bila ajali ni kosa la jinai. Mara ya kwanza, alama ya wino mwekundu kwenye leseni. Mara ya pili, leseni inachukuliwa maisha yote.

Leseni arobaini zikapigwa wino mwekundu. Mamdogo akabaki na chupa moja.

Jumatano ya pili madereva walikuwa wamejifunza. King'ora kilipolia walifungua kwanza vibanio, ndipo wakashuka. Lakini kufungua kibanio ukiwa na glavu kunachukua sekunde tano, na pale alisimama Koplo Fungameza na saa yake.

Niseme kidogo juu ya Koplo Fungameza, maana si mtu mbaya. Ni mtu wa karatasi. Ana mwandiko mzuri kuliko wote katika jeshi letu la polisi, na huzuni yake kubwa ni kwamba katika miaka kumi na tisa ya kazi hajawahi kuona fomu iliyojazwa ikakamilika. Aliandika, bila chuki, kwa herufi za mviringo: "Sekunde tano, wote."

Wizara haikuwafunga arobaini, kwa sababu mahabusu ina nafasi ya kumi na wawili. Iliamua jambo la busara zaidi. Kufungua kibanio barabarani kuliitwa Kujitenga na Usalama, na kila kibanio kikapigwa lakiri ya waya na risasi, kama ile ya mita ya umeme. Saa kumi na mbili asubuhi madereva walipanga foleni wafungwe juu ya pikipiki zao. Saa kumi na mbili jioni walipanga foleni wafunguliwe. Koleo la kufungulia ni moja, linakaa Wizarani. Kuhusu haja ndogo, Wizara iliahidi kutoa mwongozo.

Jumanne jioni, baada ya kufunguliwa, walikaa kijiweni wakila mihogo. Mimi nilikuwepo, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake na Mamdogo alikuwa amenikataza kuzurura.

"Hebu nirudie taratibu," alisema Ndimbo, "maana mimi niliishia darasa la saba. Kesho akipita tusiposhuka?"

"Siku saba," akajibu Masumbuko, kijana mwenye maneno kuliko wote pale.

"Tukishuka?"

"Koti linapasuka. Leseni kwaheri."

"Tukikata lakiri?"

"Kuharibu mali ya Serikali. Miezi mitatu, mwenyekiti, na chakula chao hakina chumvi."

"Basi tuvue makoti," sauti moja ikasema kutoka nyuma.

Ndimbo aliweka muhogo wake chini. "Vua wewe. Mimi nilimwosha mdogo wangu kwa mikono hii. Sivui."

Aliyesema akarudi kwenye muhogo wake.

"Kesho tusije kazini," Masumbuko akajaribu.

"Na Jumatano ijayo?" Mamdogo akauliza. "Na ile nyingine? Nywele za yule mzee hazitaacha kuota." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Mimi kesho nitakaa."

"Utakaa nyumbani?"

"Nitakaa juu ya pikipiki yangu. Akipita, nimekaa."

Muuza mihogo aliangalia huku na huku. Katika nchi yetu hilo neno hutamkwa kwa tahadhari.

"Siku saba, Dada Sekela," Masumbuko alisema polepole.

"Siku saba zina siku ya nane. Leseni ikienda nitafanya nini, nikabebe watu mgongoni? Na chupa niliyobakiwa nayo ni moja. Nimeiweka ya kuangukia. Sikuiweka ya kumpigia mtu saluti." Alimgeukia Ndimbo. "Wale sita tuliowazika walijua kusimama vizuri kuliko sisi wote, kaka. Kuliwasaidia nini?"

Ndimbo aliokota tena muhogo wake. "Nimesimama miaka thelathini," alisema. "Nimepata mishipa ya miguu tu. Na mimi nitakaa."

"Jamani, tukikaa wawili si uasi, ni uchovu," Masumbuko akasema. "Niandikeni wa tatu."

Jumatano saa nne kasoro dakika tano nilikuwa nyuma ya pikipiki ya Mamdogo, tranka langu mapajani, tukielekea stendi. Tulikuwa tumefika kijiweni king'ora kilipolia. Kona ya Viazi nzima ilisimama. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya ndevu, na mteja akasimama na nusu yake. Mbuzi mmoja aliyekuwa amelala aliinuliwa na mwenyewe. Halafu madereva arobaini wakazima pikipiki, wakaweka mikono kwenye usukani, wakakaa.

"Na mimi?" nikanong'ona.

"Wewe una miguu yako. Amua."

Nilikumbuka bwalo, vijiko na zile dakika ishirini. Nilikaa. Nataka ieleweke kwamba tranka lilikuwa zito.

Gari la kwanza lilipita, la pili likapita, la tano likafunga breki, na yaliyofuata yakabusiana pua kwa mkia. Katika msafara hapakuwa na utaratibu wa watu waliokaa, kwa kuwa hawakuwahi kuwepo. Mlango ukafunguliwa na watu watatu. Mheshimiwa akashuka, akamfuata Mamdogo, aliyekuwa mbele kuliko wote.

"Wewe mama! Huna miguu?"

"Ninayo, Mheshimiwa. Mmeifunga."

"Nimesema simama!"

"Nifungulie lakiri nisimame. Koleo liko Wizarani."

"Wizara ni mimi!"

"Basi fungua, baba."

Waziri alijipapasa mifukoni. Alitoa kitana, akakirudisha.

"Unajua unazungumza na nani?"

"Nakujua vizuri. Wewe je, unanijua? Mimi ni Sekela wa hapa Kona ya Viazi. Mwaka huu tumezika watu sita, na barua zako za rambirambi ninazo zote sita nyumbani. Nikikusomea utadhani ni moja."

Nyuma yetu mtu alicheka. Nadhani ni Masumbuko. Kicheko kikahamia kwa Ndimbo, kikatembea pikipiki hadi pikipiki, mpaka kikamfikia kinyozi, ambaye alicheka akiwa bado amesimama wima.

Mheshimiwa hakuwahi kuchekwa bila kibali. Alimkamata Mamdogo ukosi wa koti kwa mikono miwili, akamvuta chini kwa nguvu zake zote.

Paa!

Walinzi wa Waziri wamefundishwa vizuri. Mlio mmoja wa karibu, na kila mtu anajua kazi yake: wanne walimrukia Mheshimiwa, wakaenda naye hadi mtaroni, wakamlalia juu. Itifaki inasema Waziri akilala, msafara hulala. Madereva wa magari wakalala, makatibu wakalala, mbeba kiti akalala na kiti juu yake. Barabara nzima ya viongozi ilikuwa chini, uso kwenye tope. Katikati yao, miguu miwili ardhini, shingo imenyooka kwa sababu koti halikuiruhusu kufanya vinginevyo, alisimama Mamdogo.

Koplo Fungameza aliminya saa yake.

"Sekunde mbili tangu avutwe," alisema, kama mtu anayejisemea. "Amesimama ndani ya muda."

Mamdogo aliingiza vidole kwa shida kwenye mfuko wa ndani wa koti lililovimba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Afande, una kalamu? Nimepata ajali."

Koplo aliitazama ile fomu tupu. Nilimwona akimeza mate. Alipiga goti, akaiweka juu ya tranka langu, akaanza kuijaza kwa herufi zake za mviringo. Mahali: Kona ya Viazi. Je, mwombaji alifariki: hapana. Alipofika swali la kumi na tisa, kilichomrusha mwombaji, aliinua macho akatazama mtaroni.

"Nimeona kwa macho yangu," alisema, na akaandika: "Waziri."

Kisha Mamdogo akashuka mtaroni na karatasi. Kutoka chini ya walinzi wanne ulitokeza uso wa Mheshimiwa na mkono mmoja.

"Mheshimiwa, saini hapa."

Mheshimiwa alisaini. Hakusoma, si kawaida yake, na kwenye tope usingetegemea aanze. Alisaini kwa mikunjo mitatu na kistari chini, kama anavyosaini kila kinachowekwa mbele yake, na katibu wake, akiwa amelala kifudifudi, alinyoosha mkono akapiga muhuri.

Kesho yake Mamdogo alifika dirishani kwa karani. Karani aliisoma fomu kwa kidole, swali la kwanza hadi la thelathini na moja. Akairudia. Akaita wenzake. Wazee wa ofisi walikuja kuitazama; mmoja aliyebakiza miezi miwili kustaafu alitoa kitambaa akajifuta macho. Ilikuwa fomu ya kwanza kukamilika tangu Wizara ianzishwe.

"Lakini mama," karani akanong'ona, "hapa imeandikwa umegongwa na Waziri."

"Si kasaini? Uliniambia kinachogonga kinasaini. Kama unasema hakunigonga, andika hapo kwamba sahihi ya Waziri ni ya uongo, uweke na jina lako."

Karani aliandika kitu kimoja tu, namba ya sanduku la chupa. Mamdogo alitoka na chupa mpya mkononi na leseni mfukoni, kwa sababu ajali ni ajali, na Serikali yenyewe imeigongea muhuri.

Asubuhi ileile mtu wa lakiri alikaa na waya wake tangu saa kumi na mbili hadi adhuhuri. Hakuna dereva aliyekwenda kufungwa lakiri.

Wizara haikushindwa, kwa kuwa Wizara haishindwi. Jumatatu ilitangaza redioni ugunduzi mkubwa wa kitaifa uitwao Kusimama kwa Kukaa. Kuanzia sasa, lilisema tangazo, Mheshimiwa Waziri, kwa huruma yake, amewaruhusu madereva wa bodaboda kumsimamia wakiwa wameketi, pikipiki zikiwa zimezimwa na vichwa vimeinama kidogo.

Jumatano iliyofuata mimi nilikuwa shuleni, nikitumikia adhabu isiyohusiana na kisa hiki. Kwa hiyo nasimulia nilivyoandikiwa na Mamdogo.

Alikuwa amempakia mzee mmoja mwenye trei tatu za mayai. King'ora kikalia kwa mbali.

"Tunazima, binti yangu?" mzee akauliza. "Redio imesema sasa tunaruhusiwa kukaa."

"Mayai yanakwenda wapi?"

"Soko la Juu. Wananisubiri."

"Na yule naye anakwenda saluni. Kila mtu na safari yake, mzee wangu. Shika vizuri."

Mamdogo aligusa chupa, akanyoosha kamba, akakagua kibanio. Akawasha taa ya kulia, akaingia barabarani. Ndimbo akamfuata, na Masumbuko, na wale wengine wote, mmoja baada ya mwingine. Msafara ulikuwa umekwishatokeza kwenye kona, magari kumi na manne na kiti chake.

Koplo Fungameza alikuwa katikati ya njia panda. Alitazama upande huu, akatazama upande ule. Kisha akaugeukia msafara, akanyoosha mkono wake mbele ya gari la kwanza, na msafara ukasimama. Akahesabu pikipiki zote arobaini mpaka ya mwisho ilipopita.

Mzee anasema hakuna hata yai moja lililopasuka.